SAMAKI MGENI ANANGOJA MLANGONI

Maelezo ya kundi la sayansi



Tangu siku tisa mnaona beseni la buluu nyuma ya mlango wa klasi ya sayansi. Limefunikwa na kipande cha chandarua, na juu yake tumebandika karatasi: USIGUSE. SIKU YA 9. Kila asubuhi tunabadilisha hesabu ile. Basi maulizo ni mengi. Wengine wanasema tunaficha kitoweo chetu. Wengine wanacheka: "Akwariumu ya kioo iko pale na mayi ya muzuri, na ninyi munaacha masamaki mu beseni kama nguo ya kufula!" Mwanafunzi mmoja wa klasi za chini alituuliza kwa heshima: "Bayaya, ile masamaki ilikosa nini?"

Hawakukosa kitu. Tunawatenga kwa muda mbele ya kuwaingiza kwa wenzao. Kazi hii inaitwa karantene. Leo tunataka kueleza sababu yake, namna ya kuifanya kwa vyombo vya nyumbani, na kwa nini jambo hili linahusu hata yule asiyekuwa na samaki hata mmoja.

1. JAMBO LILILOTUPATA

Ninyi mliofika mwaka huu hamjui habari ya mwezi wa sita wa mwaka uliopita. Inafaa tuungame mbele ya kufundisha.

Akwariumu yetu ni sanduku la kioo la litri karibu 100. Ndani mlikuwa samaki 14, tilapia wadogo tuliowatoa katika kiziwa cha shule. Waliishi zaidi ya mwaka bila ugonjwa. Siku moja mwenzetu alikwenda Bukama kutembelea jamaa yake, na aliporudi kwa gari la moshi alileta samaki sita katika bidoni la litri tano. Walivuliwa katika kidimbwi kando ya Lualaba. Walikuwa wazuri, mapezi yamesimama, rangi inang'aa. Furaha ilikuwa nyingi hata hakuna mtu aliyefikiri. Tukawamwaga wote katika kioo, samaki pamoja na maji yao ya safari.

Siku ya nne tuliona punje nyeupe juu ya mapezi, kama mtu aliyewanyunyizia chumvi. Siku ya sita samaki walianza kujikuna juu ya mawe. Halafu wakapanda juu kabisa, vinywa vyao vinatwetatweta kama mtu aliyepanda mlima. Siku ya Mungu, tulipotoka ibadani, ndugu wa zamu alikuja mbio: "Bwana mwalimu, masamaki yetu iko inakufa!" Kwa siku 12 tulizika samaki 17. Walibaki watatu tu, na katika wale watatu, wawili walikuwa wale wa Bukama! Sababu ya jambo hili la ajabu tutaieleza mbele.

Lakini hatari kubwa ilikuwa ingali nyuma. Kwa kutaka kusafisha upesi, tulijaza ndoo mbili maji ya akwariumu na kwenda kuyamwaga katika mfereji. Na mfereji ule unakwenda wapi? Unakwenda katika kiziwa. Mwalimu wetu alituona toka dirishani, akapiga kelele, akashika ndoo kwa mikono yake mwenyewe. Mnajua kiziwa kile kinasaidia nani. Samaki wake wanaliwa katika interna, na wanaobaki wanauzwa. Feza yake ilimaliza minervali ya wenzetu wawili ambao wangerudishwa nyumbani. Ndoo mbili za maji zilitosha kuharibu kazi ya mwaka mzima. Siku ile tulifahamu kwamba habari ya samaki wa kioo si mchezo wa watoto.

2. NENO LENYEWE NA HESABU YA SIKU

Neno karantene ni la zamani. Katika mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo unaitwa Dubrovnik, uliamuru kwamba watu wanaotoka katika fasi zenye tauni wasiingie mjini mpaka wakae kando siku 30. Baadaye hesabu ilifika siku 40, na katika lugha ya Venezia arobaini ni quaranta. Ndipo neno lilipotoka.

Lakini sisi wasomaji wa Biblia tunajua kwamba desturi yenyewe ni ya zamani kuliko Ragusa. Someni Mambo ya Walawi sura ya 13. Mtu mwenye alama katika ngozi analetwa kwa kuhani. Kama alama haijafahamika vizuri, kuhani anamfungia siku saba. Siku ya saba anamtazama. Kama alama haikuenea, anamfungia siku saba tena, halafu anamtazama mara ya pili. Angalieni vizuri kazi ya kuhani: hatoi neno la mwisho siku ya kwanza. Anaacha siku zipite, halafu anatazama.

Tena sisi watu wa Kongo tumefundishwa jambo hili na mateso. Ugonjwa wa Ebola ulijulikana mara ya kwanza katika mwaka 1976, kule Yambuku na katika Sudani. Mtu aliyekaribia mgonjwa wa Ebola anaangaliwa siku 21. Katika mwaka 2020, wakati wa COVID-19, tulisikia kila siku katika radio habari ya siku 14. Kwa nini hapa 21 na pale 14? Watu hawakuchagua kwa kupenda kwao. Kila ugonjwa una muda wake wa kujificha katika mwili mbele ya kuonekana. Siku za karantene zinahesabiwa kwa kufuata muda ule.

Basi hili ndilo neno kubwa la maelezo yetu: macho peke yake hayatoshi. Samaki wa Bukama walikuwa wazuri kwa macho. Siku ndizo zinazosema kweli.

3. PUNJE NYEUPE ZINAVYOISHI

Sasa tuone ugonjwa uliotupata. Unaletwa na mdudu mdogo sana, mwili wake ni seli moja tu. Mwaka 1876 mtaalamu Fouquet alimpa jina la Ichthyophthirius multifiliis, maana yake "chawa wa samaki mwenye watoto wengi". Jina hilo linamfaa sana. Maisha yake yana hatua tatu.

Hatua ya kwanza: anakaa ndani ya ngozi ya samaki au katika mashavu ya kupumulia, anakula, ananenepa. Hapo ndipo tunaona punje nyeupe. Ngozi ya samaki inamfunika kama blanketi, na dawa ya majini haimfikii.

Hatua ya pili: akiisha kushiba, anatoboa ngozi na kuanguka chini. Anajifunga katika ganda, juu ya jiwe, juu ya jani au katika mchanga. Ndani ya ganda anajigawanya: wawili, wanne, wanane, na kuendelea mpaka mamia, pengine hata elfu moja.

Hatua ya tatu: ganda linapasuka, na watoto wote wanatoka kuogelea wakitafuta samaki. Kama hawakupata samaki kwa muda wa siku mbili hivi, wanakufa. Ni hapa tu ambapo chumvi au dawa inaweza kuwaua.

Fanyeni hesabu, ninyi mnaopenda matematika. Mdudu mmoja anaingia, elfu moja wanatoka. Katika mto mkubwa watoto wengi wanapotea bila kupata samaki. Katika kioo cha litri 100 wanapotelea wapi? Samaki wako pale pale, hawana fasi ya kukimbilia. Ndiyo sababu mgeni mwenye punje mbili tu, tena zilizojificha katika mashavu, alitosha kuua nyumba nzima.

Joto la maji nalo linahesabiwa. Kama maji yana digri 25, mzunguko wote unaweza kumalizika kwa siku nne mpaka saba. Maji yakiwa baridi, digri 15 hivi, unaweza kupita majuma mawili na zaidi. Sisi tulileta wageni katika mwezi wa sita, wakati usiku ni baridi. Baridi inapunguza nguvu ya tilapia ya kujilinda, na inachelewesha ugonjwa kuonekana. Kwa hiyo wakati wa baridi siku za kungoja ni lazima ziongezwe.

Na wale wawili wa Bukama, kwa nini walipona? Samaki aliyepata ugonjwa huu kidogo na kupona, mwili wake unajifunza kujikinga. Yaelekea walikutana nao zamani katika kidimbwi chao. Waliubeba bila kuugua sana, lakini wenyeji wetu hawakuwa wameuona hata siku moja. Mgeni anaweza kuwa mzima kabisa kwa macho, na ugonjwa anao.

4. KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Hakuna lazima ya vyombo vya bei kubwa. Beseni letu ni la litri 40, lilikuwa la kufulia, na tulilisugua vizuri mpaka harufu ya sabuni ikaisha kabisa.

a) Fasi. Weka chombo mbali na akwariumu, kusudi maji yasirukie upande wa pili. Fasi iwe ya kivuli, ya utulivu, bila moshi wa makala. Funika na chandarua, kwani tilapia anaruka sana, na paka wa jikoni anajua habari zetu zote.

b) Maji. Maji ya robine uyaache wazi siku moja mbele ya kuyatumia, kusudi dawa ya klore itoke. Usijaze beseni mpaka juu. Usitie mchanga, kwa sababu maganda ya wadudu yanajificha humo. Kipande cha bomba au kigae safi kinatosha, samaki apate fasi ya kujificha.

c) Kuwapokea. Usimwage mara moja. Tia chupa au mfuko wa samaki ndani ya maji ya beseni dakika 20 hivi, joto lipate kulingana. Kiisha ongeza maji ya beseni ndani ya chombo cha safari, kikombe kimoja, halafu kingine, polepole. Mwisho shika samaki kwa wavu na kuwahamisha. Maji ya safari yamwage juu ya udongo mkavu, mbali na mfereji na mbali na kiziwa. Sisi tuliyamwaga katika kioo, na mmesoma matunda yake.

d) Hesabu ya samaki. Wachache katika kila chombo. Sisi tumeweka samaki watano wadogo katika beseni lile, na hata hao wanatosha. Hatuna mashini ya kupuliza hewa, na umeme unakatika kama mnavyojua, kwa hiyo pumzi yao inatoka juu ya maji tu. Beseni pana ni bora kuliko ndoo ndefu, kwani hewa inaingia kwa upande wa juu.

e) Kubadilisha maji. Hapa wengi wanakosa. Samaki anachafua maji yake kwa mkojo na mavi, na sumu ya amonia inazidi. Katika akwariumu ya zamani kuna bakteria juu ya mawe na mchanga zinazogeuza sumu ile. Beseni jipya halina bakteria hizo. Basi kila siku toa maji kadiri ya robo na kurudisha maji mengine yenye joto lile lile. Tulisikia watu wakisema kwamba karantene inaua samaki. Mara nyingi kinachowaua ni maji machafu.

f) Chakula. Siku ya kwanza usiwape kitu, wametoka safari. Kiisha kidogo sana, kile wanachomaliza kwa dakika chache. Chakula kinachobaki kinaoza.

g) Vyombo na mikono. Beseni lina wavu wake, kikombe chake, mpira wake wa kunyonyea maji. Vyote tulivitia alama ya rangi nyekundu. Visivuke upande wa pili. Kila siku anza kazi kwa samaki wa zamani, kiisha malizia kwa wageni. Baadaye nawa mikono kwa sabuni, suuza vizuri, futa mpaka kavu. Mkono wenye maji ni njia ya ugonjwa, sawasawa na wavu.

h) Kaye. Mwenye zamu anaandika kila asubuhi na kila jioni. Wanakula? Mapezi yamesimama au yamefungwa? Kuna punje, kuna kidonda, kuna utando kama pamba? Wanajikuna? Wanapumua upesi? Kuna mmoja anayejitenga na wenzake? Tumbo limevimba, magamba yamesimama? Mavi ni meupe kama uzi? Usiandike tu "masamaki iko bien". Andika kile ulichokiona.

i) Muda. Majuma mawili ndiyo kidogo kabisa. Wakati wa baridi, au kama hujui samaki wametoka wapi, ngoja majuma matatu au mane. Na kama alama ya ugonjwa imeonekana, hesabu inarudi mwanzo. Ukiisha kuwatunza na alama ya mwisho kupotea, anza tena kwa siku ya kwanza. Sheria hii ni ngumu, lakini bila hii kazi yote ya mbele ni bure.

j) Shahidi. Katika juma la mwisho wengine wanatia samaki mmoja wa zamani ndani ya beseni la wageni. Kama wageni wanabeba ugonjwa wasiougua wenyewe, yule mmoja ataonyesha. Ni jambo la kuhuzunisha kumtoa mmoja, lakini ni afadhali mmoja kuliko 17.

5. CHUMVI NDIYO, VIDONGE HAPANA

Juu ya punje nyeupe, dawa ya karibu ni chumvi ya jikoni. Tilapia anaivumilia vizuri. Tia gramu tatu kwa kila litri ya maji. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu tano au sita hivi, kwa hiyo litri 20 zinataka vijiko kumi au kumi na viwili. Yeyusha chumvi kwanza katika kikombe, halafu igawe mara tatu au nne kwa siku nzima, usiimwage yote pamoja. Ukibadilisha maji, rudisha chumvi kwa kadiri ya maji uliyotoa tu. Endelea majuma mawili, kwa sababu, kama tulivyosema, chumvi haiui aliye ndani ya ngozi wala aliye ndani ya ganda. Ni lazima ingoje kila kundi la watoto linapotoka. Mtu anayeacha siku ya tatu kwa kuona punje zimepotea amedanganyika. Punje hazikufa, zimeanguka chini kuzaa.

Lakini tunawaomba sana, msitie vidonge vya wanadamu ndani ya maji. Kuna watu wanaofungua kapsule ya tetrasikline na kuimwaga katika beseni. Dawa ile haina nguvu juu ya mdudu wa punje nyeupe, kwani inafanya kazi juu ya bakteria. Tena bakteria zinazokutana na dawa kidogo kidogo zinaizoea, na siku moja dawa ile haitamsaidia mtoto katika lopitali. Na samaki wa kiziwa wanaliwa na watu.

Kama akwariumu yenyewe imekwisha kupata ugonjwa na samaki wote wamekufa, usiweke wengine upesi. Watoto wa mdudu bila samaki wanakufa. Tulitoa maji yote na kuyamwaga juu ya udongo mkavu, tukasugua kioo na mawe, tukaviacha katika jua kali siku nyingi mpaka vikauke kabisa.

6. TOKA KIOO MPAKA MTO

Mtu mmoja alituambia: "Hiyo ni mambo ya Wazungu na masamaki yao ya salon." Tunajibu: wale samaki wa salon, wengi wametoka kwetu. Katika ziwa Tanganyika kuna samaki wa rangi wasiopatikana fasi nyingine yoyote, na watu wanawatuma mpaka Ulaya na Marekani. Mbelgiji Pierre Brichard alifanya kazi hiyo toka Bujumbura, na katika mwaka 1974 mtaalamu Max Poll alitoa jina la Brichard kwa samaki mmoja wa ziwa lile. Poll huyo huyo, katika mwaka 1938, alieleza samaki mdogo mwenye rangi nzuri wa upande wetu wa Katanga, Nothobranchius brieni. Anaishi katika vidimbwi vinavyokauka, na mayai yake yanangoja mvua ndani ya udongo. Watu wa mbali wanawafuga katika kioo na kuwachunga kama dhahabu. Wenye akili kati yao hawaingizi mgeni bila karantene.

Lakini jambo kubwa ni mito yetu. Kuna ugonjwa wa vidonda vya samaki unaoletwa na kiumbe kinachofanana na kuvu, Aphanomyces invadans. Ulionekana Japani katika mwaka 1971, ukaenea katika nchi nyingi za Asia na mpaka Australia. Mwisho wa mwaka 2006 ulifika Afrika, pale mito Chobe na Zambezi inapokutana, katika mipaka ya Botswana, Namibia na Zambia. Wavuvi walianza kuvua samaki wenye vidonda vyekundu vinavyofika mpaka nyama ya ndani. Ni nani anayenunua samaki kama yule? Mtego umejaa, lakini nyumbani hakuna feza.

Mwaka 2014 ugonjwa ule ulionekana katika vinamasi vya Bangweulu, ndani ya Zambia. Fungueni karata ya jografia. Maji ya Bangweulu yanatoka kwa Luapula, yanaingia ziwa Mweru, yanatoka Pweto kwa jina la Luvua, na kule Ankoro yanaingia Lualaba. Ni maji ya Kongo yale! Kweli, Bukama na maziwa ya Upemba na Kisale yako juu ya Ankoro, na maji hayapandi. Lakini samaki anapanda, na mtu anapanda kuliko samaki. Bidoni la litri tano linaweza kupanda gari la moshi na kupita mahali ambapo mto wenyewe hauwezi kufika. Sisi tulifanya safari hiyo bila kujua.

Kuna tena virusi ya tilapia iliyoelezwa katika mwaka 2014 kule Israeli. Katika mwaka 2017 shirika la FAO lilionya nchi zote zinazofuga tilapia. Baadaye wataalamu walipima tilapia wa ziwa Victoria, katika Tanzania na Uganda, na kukuta alama za virusi ile katika samaki waliokuwa wazima kwa macho. Mmeona? Ni neno lile lile la beseni letu.

Kwa hiyo, wandugu, mambo mawili. Anayeleta mbegu ya samaki kwa kiziwa cha baba yake awatenge kwanza katika kiziwa kidogo kisichoungana na kikubwa. Na anayechoka na samaki wake wa kioo asiwatupe katika mto wala katika mfereji. Awape mtu mwingine, au awale, au awazike.

7. MAJIBU KWA WENYE MASHAKA

"Sina chombo cha pili." Kama huna beseni la pili, basi huna fasi ya samaki wapya. Ngoja mpaka upate.

"Walitoka kwa rafiki mwaminifu." Rafiki anaweza kuwa mwaminifu na samaki wake wakawa wagonjwa. Yeye mwenyewe hajui.

"Majuma matatu ni marefu." Sisi tulingoja miezi minne mbele ya kuwa na akwariumu tena.

"Kuwatenga wageni si upendo." Ulizo hili lilitoka kwa ndugu mmoja baada ya somo la dini, na lilitufikirisha. Biblia inatuagiza kupokea mgeni. Lakini mgeni wetu hakufukuzwa. Ana maji safi, ana chakula, ana mtu wa kumwamkia asubuhi na jioni. Kwa kweli samaki wa beseni anatunzwa kuliko wale wa kioo. Tena karantene inamlinda yeye mwenyewe, kwani akifika amechoka na kuingizwa kati ya wenyeji wakali, wanamuuma mapezi na kumnyima chakula. Siku zile ni pumziko lake.

KWA MWISHO

Jana jioni mwenye zamu aliandika hivi katika kaye: "Samaki wa tatu amejikuna mara mbili juu ya kigae. Punje moja nyeupe kwa mkia." Tulitazama wote, tena kwa taa. Ni kweli, punje moja. Tumetia chumvi. Basi kesho asubuhi karatasi haitasema SIKU YA 10. Itasema ALAMA IMEONEKANA, na punje ikiisha kupotea na matunzo kumalizika, tutaanza tena kwa SIKU YA 1. Msicheke. Katika kioo kuna samaki 11 wazima, na katika kiziwa kuna mamia, na hakuna hata mmoja aliyekutana na punje ile.

Anayetaka kuona kazi hii aje wakati wa rekreasio, wawili wawili, bila kutia mkono majini. Na kwa wale wanaopenda kujipima, haya ni maulizo matatu:

1. Kwa nini chumvi inaendelea hata baada ya punje kupotea?
2. Kwa nini tunaanza kazi kwa samaki wa zamani na kumalizia kwa wageni?
3. Mtu ametoa samaki Mweru na kuwaleta Luena. Amevuka njia gani ambayo mto haukuweza kuvuka?

Majibu mtayaleta kwa mwandikaji wa bulletini mbele ya siku ya posho. Mungu awabariki.

Kundi la sayansi, Luena